Waya Tu?

Tuanze na gari lenyewe, falsafa itatukuta njiani. Chukua Toyota Vitz, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1999 na ambazo huko Dar zimejaa hadi vichochoroni. Siku moja mwenye gari anabonyeza rimoti, mlango wa dereva unajifunga, ule wa abiria kimya. Au yote imegoma. Au inajifunga na kujifungua ovyo kama gari lina mapepo. Mwenye gari keshatoa hukumu: "Mota ya loki imekufa hiyo."

Mara nyingi haijafa.

Fundi umeme anayeijua kazi yake hakimbilii bisibisi. Anauliza kwanza: ni mlango mmoja au yote? Kama ni mmoja, ubovu unaishi humo humo mlangoni, kwenye mota, kwenye kijiti cha chuma kinachovuta loki, au kwenye waya. Kama ni yote, anaangalia fyuzi, kisha anaugeukia mlango wa dereva, maana katika magari mengi madogo huo ndio unaotoa amri. Ukinyamaza wenyewe, mingine inakaa inasubiri amri isiyokuja, nayo ni mizima kabisa. Anajaribu na ufunguo pia. Ufunguo ukifunga milango yote na rimoti ikashindwa, pengine ni kile kibetri cha volti 3 tu.

Halafu anafungua mlango na kupapasa ule mpira mweusi wenye mikunjo, ulio kati ya mlango na bodi. Humo ndimo zinamopita nyaya. Kila mlango unapofunguliwa zinakunjwa, unapofungwa zinakunjwa upande mwingine. Mara kumi kwa siku ni mara 3,650 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni 36,500. Shaba gani itavumilia? Inakatika ndani ya gamba lake la plastiki, kwa nje waya unaonekana mzima, mzuri kabisa. Ndiyo maana loki hufanya kazi mlango ukiwa nusu wazi na kugoma ukifungwa: ncha mbili zinagusana, zinaachana.

Dawa yake ni kuuvuta mpira, kuunga kipande kipya cha waya, kulehemu, kuzungushia tepu na kuurudisha mpira mahali pake. Mkono mzoefu haumalizi asubuhi. Spea iliyotumika ni sentimita chache za waya.

Sasa ndugu msomaji, hapo ndipo penye swali. Fundi alipwe kiasi gani, na amwambie mteja nini?

Jibu la kijiweni unalijua. "Yaani waya tu? Kwani waya shilingi ngapi?" Lakini mteja huyo huyo akiambiwa mota imeungua, ikaletwa nyingine ya mtumba kutoka Shaurimoyo, akawekewa ile ya zamani kiganjani, analipa. Tena anashukuru. Kuna kitu cha kushika. Basi wapo mafundi wanaounga waya kimya kimya, wanaitoa mota nzima, wanaipangusa vumbi na kuirudisha pale pale, bei ya mpya. Changa la macho. Na ukimbana fundi wa namna hiyo anakuuliza: nifanyeje, ukweli hauna bei!

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba uongo ni kosa hata ukimdanganya muuaji anayemtafuta rafiki yako. Sawa. Ila Kant hakuwahi kuambiwa "waya tu" na mtu aliyevaa saa ghali kuliko gereji nzima.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema fundi huyo kajilipa jasho lake tu, hakuna aliyeumia. Mteja ameondoka na elimu ya uongo. Nyaya za mlango wa upande wa pili zina umri ule ule na zimekunjwa karibu vile vile. Zikikatika atanunua mota kweli, na mlango utabaki kimya. Na mle mpirani si loki peke yake, nyaya za vioo vya umeme nazo zinapita humo. Gamba likichunika, shaba ikagusa bodi, fyuzi inaungua. Angeambiwa ukweli angejua pa kuangalia.

Anayenisumbua zaidi ni yule kijana aliyeshika tochi. Hana mshahara, amekuja kujifunza. Ameona jinsi ubovu ulivyosakwa kwa maswali matatu na kidole kimoja, kazi ya akili hasa. Papo hapo ameona akili hiyo ikifichwa kama kitu cha aibu, na sifa zikapewa mota. Atakuwa fundi wa aina gani huyo?

Mteja naye si msafi. Anayekataa kulipia ujuzi ameagiza uongo mwenyewe, kilichobaki ni kuletewa. Na sisi wa kalamu tunyamaze kidogo kabla ya kumcheka, maana kilio chetu ni kile kile. Mtu anasota wiki mbili akitafuta shairi lake limekatikia wapi, analiunga kwa neno moja, anaambiwa, "Si maneno tu hayo? Tusomee bure kwenye harusi." Tunanuna. Jioni tunawasikia washairi hao hao gereji, sauti juu: waya tu!

Wapo mafundi wanaotaja mapema: kutafuta ubovu bei hii, kutengeneza bei nyingine, hata kama ni waya. Nawavulia kofia. Lakini jirani yake ameweka kibao KUANGALIA BURE, na hiyo bure ataifidia kwenye mota iliyopanguswa. Mkweli anashinda njaa hadi saa kumi, kodi ya chumba inamsubiri. Kumdai ushujaa huo kila siku, peke yake, naona ni uonevu. Aanze mwenye cha kupoteza kidogo, yaani mwenye gari. Kabla mpira haujaguswa aulize, "Fundi, kutafuta peke yake ni shilingi ngapi?" Akitajiwa, asicheke.