Chatu Tumboni, Bakteria Mzizini

Ukiung'oa taratibu mharage unaotoa maua katika miteremko ya Tukuyu, utaona mizizini vinundu vidogo. Kinundu kinachofanya kazi, ukikipasua, ndani ni chekundu, kwa sababu ya dutu iliyo karibu sana na ile inayoipa damu yetu rangi. Humo wanaishi bakteria waitwao raizobiamu. Huchukua nitrojeni hewani na kuifanya chakula cha mmea. Mmea nao huwapa sukari, na dutu ile nyekundu huwadhibitia oksijeni, ambayo ikizidi huharibu kimeng'enya wanachokitumia. Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria hao mwaka 1888. Je, mharage ni kiumbe kimoja, au ni wengi? Swali hilo linamhusu mtu pia, kwa kuwa utumbo wetu nao umejaa wakazi wa namna hiyo. Ninashikilia kwamba umoja wa kiumbe hautokani na kutochanganyika na wengine. Unatokana na mapatano yanayolindwa, na wema au ubaya wa mkazi wa ndani hupimwa kwa mapatano hayo, si kwa asili yake.

Ushahidi mmoja uko baharini. Sifongo, mnyama asiye na mdomo wala tumbo, huishi kwa kuchuja maji na kula bakteria waliomo. Lakini mwili wake una bakteria wengine asiowala, ambao katika baadhi ya aina hufika zaidi ya theluthi ya uzito wake. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi na Jörn Piel walionyesha kwamba karibu kemikali zote kali zilizojulikana katika sifongo mmoja wa Japani, Theonella swinhoei, hutengenezwa na bakteria anayeishi ndani yake. Huenda ndizo zinazomlinda sifongo, asiyeweza kukimbia. Nchi kavu mambo yanashangaza zaidi. Raizobiamu ana ndugu wa familia moja, agrobakteria, ambaye huingia kwenye jeraha la mmea na kuuotesha uvimbe. Wote wawili huingia, wote huubadilisha mmea, na mara nyingi jeni zinazoamua nani awe msaidizi na nani mharibifu zimo katika kipande cha DNA kinachoweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Anayetaka kugawa viumbe kuwa wema na waovu kwa kuzaliwa hapati msaada hapa.

Wanyakyusa, wenyeji wa miteremko hiyo ya Tukuyu wilayani Rungwe, walilifikiria jambo hili kwa njia yao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu Good Company mwaka 1951, alieleza vijiji vya marika: wavulana wa umri mmoja walihama kwa wazazi, wakajenga pamoja, wakazeeka majirani, na kula na kunywa na wenzao wa rika kulihesabiwa kuwa sehemu ya utu wenyewe. Alieleza pia kwamba uchawi ulidhaniwa kuwa chatu akaaye tumboni mwa mtu. Walinzi wa kijiji nao walikuwa na chatu, na ndiyo maana waliweza kupambana na wachawi usiku. Nguvu ilikuwa ile ile. Ikitumiwa kwa uroho ni uchawi. Ikitumiwa kumrudi aliyewakosea jamaa zake, na majirani wakiwa wamekubali, ni ulinzi. Wazee hawakujua bakteria, lakini mantiki yao ndiyo ile inayoonekana mzizini.

Atakuja mtu aseme, kwa haki, kwamba imani hiyo imeua. Ni kweli: nchini Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na hoja yoyote inayolifunika hilo ni ya aibu. Lakini anayemnyooshea jirani kidole huyo amekwisha kuamua kwamba uovu ni maumbile ya mtu fulani. Ameiacha ile sehemu ya fikra yenye thamani, kwamba cha kupimwa ni tendo mbele ya mapatano ya watu.

Mwingine atasema kwamba mzizini hakuna mapatano, kuna biashara tu. Majaribio ya soya yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba bakteria wasiotoa nitrojeni hupunguziwa oksijeni na mmea, wakazaana kidogo. Nakubali kwamba bakteria hawana nia wala dhamiri. Hata hivyo adhabu hiyo inaipa hoja yangu nguvu: pasipo wajibu hakuna cha kuvunjwa, wala cha kuadhibiwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka kanisani. Ukristo ulioletwa Rungwe na Wamoravian mwaka 1891 hufundisha kwamba kila mtu atajibu kwa nafsi yake. Nikiwa wengi, nani atahukumiwa? Nadhani jibu ni yule anayelinda au kuvunja mapatano, na kazi hiyo hairithiwi daima. Baadhi ya sifongo huwarithisha watoto bakteria wao tangu wakiwa ndani ya mwili wa mama. Mharage haufanyi hivyo. Mche huota ukiwa peke yake, mzizi hutoa kemikali za kuwaita raizobiamu walioko udongoni, nao hujibu kwa kemikali zao, ndipo unywele wa mzizi hujikunja na kuwapokea. Na mmea una kauli: shamba likijaa mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni, hutengeneza vinundu vichache. Mama wa mche aliishi na bakteria msimu uliopita, lakini hilo haliuokoi mche huu. Lazima upatane na wake.