Jumatano: Rudisheni Mashamba Yao

Soma Nehemia 5:1–13. Watu walimlilia Nehemia kwa sababu gani? Naye aliwataka wakopeshaji wafanye nini?

Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa ukipanda, lakini waliokuwa wakiujenga walikuwa wakianguka. Wengine walikosa nafaka, wengine waliweka rehani mashamba na nyumba zao, na wengine walikopa ili walipe kodi ya mfalme. Wakopeshaji wao walikuwa Wayahudi wenzao. Nehemia hakusema wamalize ukuta kwanza. Aliitisha kusanyiko, akakiri kwamba hata yeye na ndugu zake walikuwa wakikopesha, kisha akataka riba ikome na mashamba yarudishwe siku ileile.

Kilio cha namna hiyo kipo leo katika vijiji vya Kamboja, Kusini-Mashariki mwa Asia. Kuanzia Aprili 1975 hadi Januari 1979, utawala wa Khmer Rouge ulifuta fedha, ukafunga masoko, na kuwatumia watoto kuwapeleleza wazazi wao. Inakadiriwa kwamba watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 walikufa. Utawala ule ulianguka, lakini kuaminiana hakukurudi upesi. Tena, wakulima wengi siku hizi huweka rehani hati za mashamba ili kupata mkopo. Mavuno yakiharibika au mtu akiugua nyumbani, wapo wanaolazimika kuuza shamba ili walipe deni.

ADRA, shirika la maendeleo na misaada la Kanisa letu, hufanya kazi katika nchi hiyo. Njia moja inayotumika katika kazi za namna hii ni vikundi vya kuweka akiba, vinavyofanana na vikoba vyetu. Wanachama huchanga kidogo kidogo, hukopeshana kwa masharti waliyopatana wenyewe, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Kiasi chenyewe ni kidogo. Lakini mahali ambapo watu walifundishwa kuogopana, kumkabidhi jirani akiba yako ni uponyaji.

Wakamboja walio wengi ni Wabudha. Huenda mtu akauliza, “Wasipobatizwa, tumepata faida gani?” Katika kitabu *Huduma ya Uponyaji*, Ellen G. White anaeleza kwamba Kristo alichangamana na watu, akawahurumia, akawahudumia katika mahitaji yao na kupata tumaini lao, ndipo akawaita wamfuate. Hakutumia huduma kama chambo. Anayepewa chakula ili avuliwe huitambua ndoana mapema.

Tazama tena mstari wa 9. Nehemia aliwaambia wakuu kwamba mwenendo wao ulipaswa kuonyesha kumcha Mungu, kwa maana mataifa walikuwa wakitazama. Kumrudishia maskini shamba lake kulikuwa ni ibada, na pia kulikuwa ni ushuhuda. Hata leo, jirani huona jinsi tunavyomtendea mdeni wetu kabla hajasikia mahubiri yetu.

Je, katika kanisa lako yupo anayekandamizwa na deni analodaiwa na mshiriki mwenzake? Kabla ya kupanga mkutano ujao wa injili, kundi lenu laweza kufanya nini juma hili ili jirani zenu wawe na sababu ya kuwaamini?