Je, Ni Haki Kumwambukiza Samaki Makusudi?

Ili kujua jinsi furunkulosi, ugonjwa wa bakteria unaoleta majipu, unavyosambaa katika vizimba vya samoni, watafiti huwadunga samaki wachache bakteria, huwakata kipezi kidogo ili watambulike, kisha huwachanganya na wazima katika tangi moja na kuhesabu vifo. Je, ni haki kumtia kiumbe maradhi ili tuyaelewe? Nasema ni haki, ila kwa masharti. Mwaka 1987 wafugaji wa samaki wa Norwei walitumia karibu tani 50 za antibiotiki dhidi ya maradhi ya bakteria. Chanjo za miaka ya 1990 zilishusha kiasi hicho hadi sehemu ndogo mno, huku uzalishaji ukipanda. Chanjo hizo zisingeaminika bila kujaribiwa kwa samaki walioambukizwa.

Wapo wasemao kuwa samaki hahisi maumivu, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Lakini mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba trauti waliodungwa asidi midomoni waliisugua midomo hiyo kwenye changarawe na wakachelewa kurudia kula. Hilo halithibitishi maumivu kama yetu, ila linatosha kumtwika mtafiti wajibu wa kujihadhari. Wengine hudai samaki huyo angeliwa hata hivyo. Hoja dhaifu hiyo: kuchinjwa upesi si sawa na kufa polepole huku majipu yakipasuka mwilini. Kwa hiyo jaribio linalosubiri samaki afe mwenyewe, ilhali dalili zimekwisha kujibu swali, halina utetezi. Alazwe kwa dawa ya usingizi, auawe mapema.