Hiba ya Simu na Swali la Umiliki

Idi au Krismasi inapokaribia katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, simu janja na vishikwambi huhesabiwa kuwa zawadi zenye hadhi kuliko viatu au nguo mpya, na mazungumzo ya wanunuzi aghalabu huishia kwenye bei, betri na kamera. Hata hivyo, kuna swali linalostahili kuyatangulia yote hayo, nalo ni la kidini na la kifalsafa kwa pamoja: je, kifaa cha aina hii hutolewa kweli, kikamtoka mtoaji na kuwa mali kamili ya mpokeaji?

Fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, imelichambua suala la utoaji katika mlango wa hiba, ambayo ni kummilikisha mtu mali pasipo kudai malipo. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, mtoaji sharti awe anakimiliki anachokitoa, mpokeaji sharti akubali, na hiba haimfungi mtoaji mpaka kitu kikabidhiwe. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotikiswa na vifaa vya leo, kwa kuwa kukabidhi si tendo la mkono peke yake. Maana yake ni kumwachia mwingine uwezo wa kukitumia kitu apendavyo, na uwezo huo katika simu umo ndani ya akaunti na nywila, si katika kioo na plastiki.

Mfano ulio wazi ni simu ya mkopo. Katika mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2020, mnunuzi hulipa kidogo kidogo kila siku, na anaposhindwa kulipa simu hufungwa kutoka mbali. Mwanafikihi anaweza kueleza kwamba deni peke yake halizuii milki, kwani aliyenunua kwa mkopo ni mwenye mali ingawa anadaiwa, na maelezo hayo ni sahihi. Lakini anayemzawadia mama yake simu ya namna hiyo humpa pia hofu ya kufungiwa kwa kosa la mtu mwingine, na ni vigumu kuona jinsi kitu kinachoweza kuzimwa na mtu wa tatu kilivyokabidhiwa kikamilifu.

Zito zaidi ni suala la mzazi anayempa mwanawe simu yenye programu ya kumfuatilia. Thomas wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, akimfuata Aristotle, alishikilia kuwa zawadi ni kile kinachotolewa bila nia ya kurudishiwa chochote. Naye Marcel Mauss, mwanazuoni wa Ufaransa, alionyesha katika insha yake ya mwaka 1925 kwamba katika jamii nyingi kila zawadi huzaa wajibu wa kulipa. Mtoto aliyepewa simu hiyo hulipa kwa siri zake, bila kuambiwa kuwa analipa. Kumlinda mtoto mdogo ni wajibu usio na shaka, na Shafii humruhusu mzazi kuirejesha hiba aliyompa mwanawe. Ila kurejesha ni tendo la wazi, ilhali kufuatilia kwa siri si kutoa wala kurejesha. Fikihi ina hukumu inayofaa zaidi hapa, nayo ni ariya, yaani kumwazima mtu kitu akitumie huku milki ikibaki kwa mwenyewe.

Lipo pia suala la uadilifu. Katika Hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir, Mtume Muhammad alikataa kuwa shahidi wa hiba aliyopewa mtoto mmoja huku nduguze wakiachwa, kwa hiyo nyumba inayompa mvulana kompyuta na kumpa dada yake kanga haina budi kujiuliza imefuata mwongozo gani.

Basi anayetaka kutoa na atoe kifaa kilicholipiwa, chenye akaunti ya mpokeaji na nywila anayoijua yeye peke yake, hata kama ni simu ya bei nafuu. Na mzazi ambaye bado hawezi kuuachia usukani amwambie mwanawe waziwazi, siku hiyohiyo ya sikukuu, kwamba simu hiyo ameazimwa.