Jalada la Desemba kwenye Ghuba ya Chole

Desemba kwenye Ghuba ya Chole ni mwezi wa embe, kaskazi na shule kufungwa. Watoto wa Chole, Juani na Jibondo hushinda ufukweni, wanapanda vyombo vilivyopwelewa, na kikitokea kitu kipya wote wanakizunguka. Siku hizi kitu kipya huwa ni picha: simu ya kaka, kava la daftari, au kitabu cha katuni kilichoachwa na mgeni wa hoteli za Utende, kona imechanika, na juu ya jalada mzee mnene wa ndevu nyeupe kakaa kwenye paa lenye theluji. Nyumba nyingi za visiwa hivi ni za Waislamu na hazisherehekei Krismasi. Picha yake inafika hata hivyo, tena inamfikia mtoto kabla mzazi hajaiona.

Hapo wengi wetu tuna majibu mawili. Mzazi wa kwanza anamnyang'anya mtoto kitabu kwa kuwa si chetu. Wa pili anamwachia kwa kuwa ni picha tu, na angalau ametulia. Naona wazazi hawa wawili wamefanya jambo lile lile: hakuna aliyekifungua kitabu.

Kingefunguliwa, kungekuwa na mengi ya kuzungumza. Baba Krismasi wa majaladani hakuzaliwa mpole. Mchoraji Thomas Nast alimweka kwenye jalada la jarida la Marekani la Harper's Weekly lenye tarehe 3 Januari 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mzee kavaa koti la nyota na suruali ya mistari kama bendera, yuko kambini anawagawia zawadi askari wa Kaskazini, na mkononi anachezesha mwanasesere mwenye sura ya Jefferson Davis, kiongozi wa Kusini, aliyefungwa kamba shingoni. Hiyo ndiyo zawadi ya sikukuu iliyochorwa: mtu ananyongwa kwa mzaha. 

Vitabu vya katuni viliposhika soko miaka ya 1930 na 1940, Desemba ikawa na desturi zake. Uingereza, The Beano, lililoanza mwaka 1938, lilikuwa miongoni mwa majarida yaliyozivika herufi za jina lao theluji wakati wa Krismasi, hata mtoto asiyejua kusoma akajua msimu umefika. Marekani, Will Eisner alianza The Spirit mwaka 1940, na karibu kila Krismasi alimweka kando mpelelezi wake, akaiacha sikukuu yenyewe ifanye kazi, mhalifu alainike kwa usiku mmoja. Kufikia miaka ya 1970 hata mashujaa wenye kupaa angani walikuwa wakipangwa jaladani pamoja na Baba Krismasi.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Carl Barks, ya Desemba 1947, ambamo Scrooge McDuck, bata tajiri, alionekana kwa mara ya kwanza. Ni mzee mpweke katika jumba kubwa, anaichukia Krismasi, na jina lake limetoka kwa bahili wa Charles Dickens wa mwaka 1843. Anamwalika mpwa wake Donald na watoto kwenye nyumba yake mlimani, akinuia kujivika ngozi ya dubu awatishe, ajue nani shujaa anayestahili kusaidiwa. Dubu wa kweli wanaingia. Donald anazimia kwa hofu na kuangukia juu ya dubu aliyelala, na mzee akiona hivyo anadhani ni ujasiri usio kifani. Msomee hadithi hiyo mtoto wa miaka tisa, kisha mwulize: Donald alistahili sifa ile? Na mzee anayetaka kujaribu watu kabla hajawapa, ni mkarimu huyo? Nimesikia watoto wakibishana juu ya swali la pili mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyejali kwamba hadithi ni ya Krismasi.

Wamarekani nao walipitia hofu tuliyo nayo. Desemba 1953 jarida la Panic lilipotoa toleo lake la kwanza, ndani yake mlikuwa na dhihaka juu ya shairi maarufu la usiku wa Krismasi, na jimbo la Massachusetts likataka lisiuzwe. Mwaka uliofuata Baraza la Seneti lilisikiliza mashahidi kuhusu katuni na uhalifu wa watoto, na wachapishaji, kwa kuogopa sheria, wakajiwekea kanuni na muhuri wa kugonga juu ya jalada. Muhuri ule ulidumu hadi mwaka 2011. Ulisafisha mengi, sikatai. Lakini pia ulimpa mzazi ruhusa ya kutosoma: ameona muhuri, amelipa, amempa mtoto, ameendelea na shughuli zake.

Kwetu katuni zilikuwa na bahati nyingine. Kenya ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau tangu miaka ya 1950. Chakubanga wa Christian Gregory alichekesha wasomaji wa gazeti la Uhuru, na jarida la Sani likatupa Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge yule mtundu. Tulizisoma tukiwa wadogo, tena kwa kujificha, kwa sababu hayakuwa majarida ya watoto. Ulevi, ubazazi na nyumba ndogo vilikuwa ndani humo humo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umetoa hadithi nyingi nzuri. Lakini kitabu kinachongojwa kila mwaka kwa ajili ya sikukuu, ambacho mtoto anajua kitakuja kama anavyojua nguo mpya itakuja, hatujakizoea.

Basi mtoto wetu siku ya sikukuu anapewa nini? Anapewa pilau, anavishwa, anapata mkono wa Idd, kisha anaambiwa akatembee. Wengine hutembea kwa ndugu, wengine huishia pasipojulikana. Siku ya Idd el-Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko toto uliojaa kupita kiasi. Tangu hapo polisi katika mikoa mbalimbali wamekuwa wakipiga marufuku disko toto Idd na Krismasi zinapokaribia. Ni tangazo la lazima. Linamwambia mzazi mahali mtoto asipotakiwa kwenda, na baada ya hapo polisi hawana la kuongeza. Methali ya mtoto umleavyo tunaipenda, ila huwa tunaikumbuka akishaharibika.

Hadithi tunazo, na si zote za kubembeleza. Kule Juani kuna magofu ya Kua, na masimulizi yake kila mtu wa ghuba hii ameyasikia. Watu wa mji wa Kisimani walitengeneza chombo, na siku ya kukishusha majini wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani wawe magogo ya kuteremshia. Miaka ikapita. Watu wa Kua wakawaalika wa Kisimani arusini, wakawaingiza katika chumba cha chini ya ardhi, wakaziba mlango.

Nilimsikia bibi mmoja wa Chole akimsimulia mjukuu wake kisa hicho huku akikuna nazi, mjukuu kakaa kwenye mkeka na kile kitabu cha mzee wa theluji mapajani.

"Bibi, na wale walioalikwa arusini, watoto wao walikuwemo?"

Bibi akasimamisha mkono juu ya mbuzi. "Walikuwemo, baba."

"Sasa wale walikosa nini?"

"Ndiyo ninayokusimulia hayo."

Akaendelea kukuna. Baadaye akakiomba kile kitabu, akakigeuza huku na huku, akauliza yule mzee juu ya paa anaiba au anarudisha. Mjukuu akalazimika kueleza Krismasi ni nini, na katika kueleza akagundua kwamba hajui vizuri, wakapelekana kwa mwalimu jirani, Mkristo wa kutoka bara, aliyewasimulia habari za hori la ng'ombe bila theluji wala paa. Mtoto yule aliingia kulala bado Mwislamu, akiwa na visa vitatu kichwani badala ya kimoja.

Idd hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2000 Idd el-Fitr iliangukia siku mbili tu baada ya Krismasi, na kwa hesabu za mwezi zitakaribiana tena Desemba 2033. Mtoto anayeanza shule Chole leo atakuwa bado anasoma. Mchoraji ana muda wa kutosha wa kuchora kitabu cha sikukuu chenye ghuba hii jaladani: mashua imetwekwa tanga, popo wa Chole wananing'inia mtini, watoto wawili wa dini mbili wamevaa nguo mpya. Gharama ya kuchapa itajadiliwa na wenye mitambo. Anayesubiriwa kwa sasa ni mtu mzima wa kuketi mkekani kukisoma.