Mvua Imezuiwa kwa Dhambi ya Nani?

Mvua ikichelewa, sisi Waislamu wa Kondoa hutoka uwanjani kuswali sala ya kuomba mvua: rakaa mbili, khutba, kisha imamu anapindua joho lake nasi tunapindua makoti yetu. Mimi ni mkulima na mwalimu wa madrasa, na sala hiyo naipenda. Kinachonikera ni khutba. Kila mara tunaambiwa mvua imezuiwa na dhambi zetu: zinaa, riba, kupunja vipimo.

Dhambi tunazo, sikatai. Hata ardhi tumeiumiza: mmomonyoko ulifikia hatua ambapo mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo iondolewe katika vilima vyetu vya Irangi, na makorongo yakaanza kuota majani tena. Lakini moshi unaoipasha dunia joto na kuvuruga mvua? Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 5. Bibi mwenye ekari mbili za mahindi kule Haubi hajamiliki hata pikipiki. Kumwambia kwamba njaa yake ni adhabu ni kumdhulumu mara ya pili.

Fikihi yetu ina uadilifu kuliko khutba hizo. Zaka ya mazao yaliyonyweshwa na mvua ni moja ya kumi. Aliyehangaika kumwagilia anatoa nusu ya hiyo. Jasho limehesabiwa. Naye Nabii Yusufu, alipofasiri ndoto ya mfalme, hakuanza kutafuta mkosaji. Alitoa mpango wa kilimo, hadi namna ya kuhifadhi nafaka: ibaki kwenye masuke yake.

Sisi nasi mpango tunaujua: kwamba mtama wa muda mfupi unastahimili ukame kuliko mahindi, nani hapa hajui? Tatizo ni kwelea kwelea. Kundi likitua kwenye shamba lisilo na mlinzi, mavuno yamekwisha. Mjane atamtuma nani kuamia ndege, na watoto wako shuleni, wanakotakiwa wawe? Tena mahindi ndiyo yenye wanunuzi, na ugali mweupe umetudekeza. Mtaalamu anayetuambia tubadilike bila kuuliza habari za ndege, naye anatoa khutba ileile ya lawama.

Ndugu zangu maimamu, kabla ya dua someni utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, Ijumaa, watu wakiwa wamejaa. Zaka ya mtama isiishie kwenye sufuria. Sehemu iwafikie wajane na wenye madeni ikiwa mbegu, kabla ya Novemba. Na vijana wa msikiti wapangiwe zamu za kuamia ndege katika mashamba yao, kuanzia suke linapojaza hadi siku ya kuvuna.