Kutu na Ridhaa

Kiswahili kimempa bondia asiyelipwa jina lenye heshima: huitwa bondia wa ridhaa. Jina hilo halisemi kwamba mtu huyo hajui kazi, wala kwamba bado anajifunza. Lasema kwamba yumo ulingoni kwa kuwa ameridhia kuwamo. Hakuna aliyemwajiri, hakuna anayemdai, na akishuka leo hakuna mkataba utakaomrudisha kesho. Ni ajabu kidogo kwamba neno hilo tumeliacha viwanjani, hatukulichukua hadi gerejini, ambako mtu atengenezaye gari bila kusomea ufundi huitwa, kwa dhihaka, fundi Maiko. Fundi wa ridhaa na fundi Maiko si watu wa aina moja, na tofauti baina yao haimo katika ustadi.

Suala hili na tuliweke mahali penye udongo. Nshambya ni kata ya Manispaa ya Bukoba, mkoani Kagera. Tuseme huko yuko mtu (jina lake halina haja, kwani ni mfano tu) aliyeachiwa na baba yake Landrova ya miaka ya 1960, iliyonunuliwa kwa fedha ya kahawa na kutumika mpaka ikachoka. Imelala chini ya migomba miaka ishirini. Yeye si makanika. Tuseme ni mwalimu wa shule, mwenye Jumamosi zake na sanduku la spana alizozinunua moja moja. Anataka kuifufua kwa mikono yake. Je, anachokitaka ni kitu gani hasa, na ni kipi anachowajibika nacho?

Msomaji wa pwani huidhania kutu kuwa mtoto wa chumvi. Ameiona ikila nondo za baraza na misumari ya jahazi, na upepo wa bahari ndio anaoushtaki. Bukoba haina chumvi hiyo. Ziwa Viktoria ni maji matamu. Lakini mji huo hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na chuma hakidai zaidi ya maji na hewa ili kianze kurudi kilikotoka. Chumvi huharakisha tu. Na neno "kurudi" si la kishairi hapa. Mawe ya chuma yachimbwayo ardhini ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Moto wa tanuri huvitenganisha kwa nguvu, na kutu ni ndoa ileile ya zamani inayofungwa tena polepole. Nchi ya Wahaya inaufahamu vizuri upande wa pili wa safari hiyo. Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takriban miaka 2,000, na mnamo mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya mbele ya mtafiti Mmarekani, Peter Schmidt, wakaufufua ufundi uliokwisha kulala. Kwa hiyo mwalimu wetu aliyeshika msasa ameingia katika mabishano ya kale sana baina ya mkono na ardhi, tena katika nchi ambayo mkono uliwahi kushinda.

Landrova yenyewe ilizaliwa na uhaba. Ilipotolewa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa kipimo, bali alumini ilipatikana; basi gari likavishwa alumini juu ya chasi ya chuma. Matokeo yake ni kichekesho kinachostahili kutungiwa shairi: nguo haiozi, mifupa ndiyo inayooza. Chasi ile ni kama mrija wa pembe nne. Tope na maji huingia ndani yake yakakaa humo, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje, hata siku tundu la kwanza linapoonekana, ukuta wote ulio kandokando yake umekwisha kuwa mwembamba kama ganda la yai. Tena pale alumini inapogusana na chuma, unyevu ukiwapo, alumini hiyo isiyoshika kutu nayo huliwa, ikageuka unga mweupe, ujirani umeiponza. Na namba ya gari, ile iandikwayo kwenye kadi, imegongwa kwenye chasi. Yaani jina limechorwa juu ya kile kinachooza, na kile kisichooza hakina jina.

Kazi huanza kwa masikio. Mwalimu huingia mvunguni na nyundo ndogo, akagonga chasi shibiri kwa shibiri. Chuma kizima hulia; kilicholiwa hujibu kwa sauti butu, kama debe lenye mchanga. Aliyezoea kusikia mstari uliopungua mizani ataielewa kazi hii upesi kuliko anavyodhani. Kila palipo na sauti butu huchora kwa chaki, na akitoka mvunguni huku macho yamejaa vumbi jekundu, chaki imekuwa nyingi kuliko chuma. Vipande vidogo, kama bawaba na vishikizo, anaweza kuvitia katika beseni la maji yenye magadi na kuunga waya wa chaja ya betri: upande wa hasi kwenye kipande anachokiponya, upande wa chanya kwenye chuma chakavu asichokihitaji. Usiku kucha viputo hupanda na kutu hulegea. Afanye hivyo uwanjani, si chumbani, kwani hewa itokayo humo huwaka. Vipande vikubwa havina dawa ya beseni. Hivyo hukatwa, kikatiwa chuma kipya, kikachomelewa.

Hapo ndipo wanafalsafa wanapobisha hodi. Plutarko alisimulia habari za jahazi la Theseus, ambalo Waathene walilihifadhi kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wajuzi wakabishana kama bado ni jahazi lilelile. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akaongeza chumvi: je, kama mtu angeziokota mbao zote kuukuu akaziunganisha tena, jahazi la Theseus lingekuwa lipi kati ya mawili? Wenye vyombo wa Pwani, ambao kwao ubao hubadilishwa pindi uozapo na chombo kikabaki na jina lake, wangelicheka swali hilo kwa upole. Serikali hazikucheka. Kwa miaka mingi idara ya magari ya Uingereza ilihesabu alama ili kuamua kama gari lililojengwa upya linastahili kubaki na namba yake. Ilitakiwa alama 8: chasi ilipewa 5, springi, ekseli, giaboksi na usukani 2 kila kimoja, injini 1 tu. Moyo, ambao washairi wote wangeupa alama zote, ulipewa moja.

Fumbo hilo ni tamu kwa mazungumzo ya barazani, lakini kwa mwalimu wa Nshambya halina uzito linaodaiwa kuwa nao. Gari halijiulizi kama ni lenyewe. Anayejiuliza ni yeye, na jibu lake limo katika kumbukumbu: mlango huu ndio uliofungwa na mkono wa baba yake, usukani huu ndio uliolainishwa na kiganja chake. Vikibaki hivyo, atasema ni lilelile. Visipobaki, atasita kidogo, kisha atasema hivyohivyo. Hapana anayedhurika.

Meli ya Liemba yatufundisha zaidi. Ilijengwa na Wajerumani mjini Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma na kuundwa tena, ikiitwa Goetzen. Mwaka 1916, walipolazimika kukimbia, waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nene. Amri ilikuwa kuiangamiza. Wao wakatii kwa namna iliyoacha mlango wazi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Injini zile za mvuke ziliendelea kufanya kazi mpaka zilipobadilishwa kwa za dizeli katika miaka ya 1970. Grisi ile haikumsaidia aliyeipaka hata kidogo. Ilipakwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana, pengine adui, atakayekuja baadaye na kutaka kujua kama chuma kile bado kinaaminika. Na huyo ndiye mtu anayesahauliwa katika fumbo la Theseus: yule ajaye.

Yule ajaye, katika habari ya Landrova, ni abiria. Ni mama atakayepewa lifti sokoni, ni mtoto atakayeketi nyuma juu ya benchi, ni mnunuzi miaka kumi baadaye. Gerejini iko dawa rahisi ya tundu la kutu, nayo ni puti. Tundu huzibwa, puti ikakauka, msasa ukapita, rangi ikang'aa. Juu ya mlango puti haina dhambi kubwa. Juu ya chasi, penye kushikilia springi, ni jambo jingine kabisa. Na uzuri wa mkakasi, walisema wazee, ndani kipande cha mti. Bukoba hakuna haja ya kumweleza mtu maana ya kuutia uhai wako ndani ya chombo cha chuma kilichojengwa na wengine: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Sababu za msiba ule si kutu, na haifai kuzichanganya. Lakini tangu siku ile abiria wa ziwa lile anajua kwamba yeye hupanda tu, hakagui. Imani yake yote imo mikononi mwa aliyekagua.

Hapa neno ridhaa linageuka na kumtazama mwalimu usoni. Yeye ameridhia kazi yake, vema. Je, abiria ameridhia nini? Mtu hawezi kuridhia asichokijua. Akipanda gari lenye kiraka kinachoonekana, na akaambiwa "hapa palioza, nimepachomelea hivi", kupanda kwake ni ridhaa. Akipanda gari lililofichwa uozo chini ya rangi, hakuridhia kitu, amechukuliwa tu. Si kosa la mkono usiojua, kwa kuwa asiyejua kuchomelea anaweza kumpelekea chasi fundi wa kuchomelea, akasimama kando akashika taa, wala asipungukiwe na chochote. Kutengeneza mwenyewe si lazima kuwe kutengeneza peke yako. Breki nazo azikaguliwe na aliyezisomea. Fundi Maiko ni yule anayejua kwamba hajui, akakufichia.

Wapenzi wa ushairi wana mfano wao wa jambo hili, ulio karibu zaidi. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, zilikusanywa Mombasa baada ya zaidi ya miaka 40 na mmishonari William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua; diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940. Tungo zinapopita katika mikono na vinywa vingi hivyo, kutu huingia: neno huliwa, mstari hukatika. Mhariri asiye mshairi akikuta pengo huacha nukta, na msomaji akajua kwamba hapo pana tundu. Wa kuogopwa ni mhariri aliye mshairi hodari. Huyo aweza kutunga mizani minane yenye kina sawasawa, akaichomelea pale pengoni, akapiga msasa, na hakuna sikio litakalosikia mshono. Ustadi wake ndio hatari yake. Ndivyo ilivyo kwa bati pia: kiraka cha mwanagenzi hujitangaza chenyewe kwa matuta yake, bali kiraka cha bingwa hunyamaza. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, uliowekwa kwa ajili ya majengo ya kale, ulisema sehemu iliyobadilishwa ipatane na nzima, lakini itambulike kuwa si ya asili. Inafaa kwa nyumba za Mji Mkongwe, inafaa kwa shairi, na hakuna sababu isifae chini ya sakafu ya Landrova.

Lipo pingamizi moja ambalo si la falsafa, nalo huletwa na watu wa nyumbani. Kila spea ina bei, na bei hiyo ingeweza kuwa bati la jiko au ada ya mtoto. Kila Jumamosi iliyokwenda mvunguni imetoka katika hazina ya familia nzima. Wapo wanaomjibu mke kwa kusema kwamba hiki ni kitu cha urithi, kana kwamba urithi ni hoja inayofunga mdomo. Haifungi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kikuukuu nacho kina kinyemi chake, tena cha kulevya zaidi, kwa kuwa hujivika joho la utiifu kwa wazazi. Mwalimu ambaye hajaomba ridhaa mezani kwake hana haki ya kujiita fundi wa ridhaa uwanjani. Pengine ataombwa asubiri mwaka mmoja. Gari limelala miaka ishirini. Likifunikwa vizuri na kuinuliwa juu ya matofali, mwaka mmoja halitauhisi.

Akipewa ruhusa, amalize kwa utaratibu wake. Kiraka kilicho juu ya chasi kipakwe rangi ya kuzuia kutu, kwani mvua ya Bukoba haina huruma, lakini mshono wake usipigwe msasa. Kile kipande kilichooza, chenye matundu, kitundikwe msumarini ukutani mwa banda, na tarehe iandikwe juu yake kwa chaki. Mnunuzi akija siku moja, kabla hajaulizwa bei atanyooshewa kidole ukutani, apewe na ile nyundo ndogo, aingie mvunguni agonge mwenyewe.